Salamu Zilizonitangulia hadi Malampaka

Niliondoka nyumbani Sapiwi kwa sababu ya orodha ya majina. Mwalimu Shija, aliyefundisha michezo Bariadi mjini, alikuwa na nafasi moja ya msichana katika mbio ndefu za Mwanza, zile za kilomita arobaini na mbili na kidogo. Tuliitaka wawili. Mmoja ni mimi, niliyemaliza darasa la saba na kubaki shambani. Mwingine ni msichana wa mjini aliyekuwa akifanya mazoezi uwanjani, chini ya macho ya Mwalimu.

Mwalimu alinipa sharti lake. Jumamosi angekuwa stesheni ya Malampaka na orodha mfukoni, akisubiri treni ya mchana ya kwenda Mwanza. Mimi ningekimbia kutoka Shishiyu kwa njia ya kuzunguka, safari inayokaribia urefu wa mbio zenyewe. Nikifika kabla treni haijaondoka, angeandika jina langu. Nisipofika, angeandika la mwenzangu.

Baba naye alikuwa na sharti lake. Lilitokana na jambo nililolifanya mwanzoni mwa mazoezi, na lazima nilieleze, maana bila hilo safari hii haieleweki.

Kwetu mtu hakimbii barabarani bila sababu. Anayekimbia amepeleka habari ya msiba, au ameiba, au ng'ombe wameibwa. Na msichana akikutana na mkubwa hupiga magoti, husalimu, husubiri aulizwe habari za nyumbani moja baada ya nyingine, ndipo huinuka. Siku zile za kwanza nilijaribu kufanya yote mawili. Nilikimbia, nikamwona mzee, nikapiga magoti, nikainuka, nikakimbia, nikamwona mwingine. Kila nilipoinuka pumzi ilikuwa imeharibika na misuli ya mapaja imepoa. Kutoka nyumbani hadi bwawani nilipiga magoti mara kumi na tisa. Mwalimu alipoyaona magoti yangu aliuliza kama nimeanguka.

Kwa hiyo asubuhi moja niliamua kuinamisha kichwa na kupita. Nikapita kwa mama wa kwanza, nikapita kwa mzee wa pili. Sikufika kwa wa tatu. Nyuma yangu nilisikia mwano, ule ukelele wa hatari unaopokewa mji kwa mji, yaani kaya kwa kaya, na mbele yangu wakatokea walinzi wa kijiji, sungusungu, na fimbo na pinde.

"Simama hapo! Umechukua nini?"

"Sijachukua kitu."

"Sasa unakimbia nini?"

Wakanipeleka kwa baba, watu zaidi ya thelathini nyuma yangu, wengine wakiwa bado na mswaki mdomoni. Baba hakunipiga. Walipoondoka alisema, "Milembe, kimbia. Sikukatazi. Lakini nikisikia kwa mtu mmoja tu kwamba mtoto wangu amempita mkubwa kama anavyopita kisiki, mbio zimekwisha."

Mwenye akili ya kunitoa hapo alikuwa mjomba Masanja, kaka yake mama. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia vijijini kushindana na chama cha ushirika, na mjomba alikuwa akimzungukia mmoja wao kwa baiskeli, akiuliza nani amevuna na nani bado. Alizijua njia zote hadi Malampaka na alipenda maneno kuliko chakula.

"Nitatangulia," alisema. "Kila mji nitasema: nyuma yangu anakuja mpwa wangu, ng'wana Masunga, anakimbia. Hakuna aliyekufa, hakuna kilichoibwa. Anawasalimu kwa kinywa changu, na akirudi atawasalimu kwa magoti yake."

Ng'wana ni mtoto, na Masunga ndiye baba yangu. "Akirudi," baba alisema, "nataka iwe kweli."

Alhamisi asubuhi tuliondoka Sapiwi. Siku hiyo sikukimbia. Nilitembea, na pale njia ilipokuwa nzuri mjomba alinipakia. Pamba ilikuwa imevunwa nusu, mashamba yalikuwa meupe kwa madoa madoa, na malori ya wanunuzi yalituachia vumbi. Nilibeba sketi yangu ya zamani ya shule ya kuvaa juu ya bukta, matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na raba zangu za mitumba. Raba hizo zilinizidi namba mbili. Nilikuwa nimezijaza pamba mbele ili vidole visicheze.

Ijumaa jioni tulifika Shishiyu kwa shangazi Mbuke, dada yake baba. Alinipa ugali wa mtama na maziwa mgando, akaniangalia ninavyokula.

"Wenzako wananenepa, wewe unakauka," alisema. "Huko Mwanza wanatafuta msichana au wanatafuta ufito?"

"Wanatafuta anayemaliza, shangazi."

"Basi maliza hicho chakula kwanza."

Saa kumi na mbili asubuhi ya Jumamosi mjomba alitangulia. Mimi niliondoka saa moja na nusu, baridi ikiwa haijaisha. Mwalimu alikuwa amenionya kwamba adui wa mwanzo ni miguu mizuri. Ukiisikiliza asubuhi itakuongopea. Nilijizuia. Nilikwenda mwendo ambao ningeweza kuimba, ingawa sikuimba.

Mji wa kwanza ulikaribia. Mzee alikuwa nje ya ua wa minyaa akiota jua. Niliinamisha kichwa, nikasubiri mwano. Badala yake nikasikia, "Aa, ndiye huyu! Mwangaluka, ng'wana Masunga! Pita, pita, tumeshasalimiana na mjomba wako!"

"Mwangaluka, baba!" nilijibu salamu hiyo bila kusimama. Nilijisikia kama niliyefunguliwa kamba miguuni.

Ilikuwa hivyo mji baada ya mji. Wengine walitania. Mama mmoja aliyekuwa akienda kisimani alisema tushindane, nikamwacha bado anajitwisha ndoo. Vijana wawili kwenye mkokoteni wa ng'ombe waliniuliza kama nimechelewa kuolewa. Sikuwajibu. Mjomba hakuwa ameagizwa kusalimu vijana.

Saa tatu jua lilishika. Ndipo niligundua kosa langu. Pamba niliyoijaza kwenye raba nilikuwa nimeichambua haraka, na mbegu moja ilibaki. Ilikuwa imejichimbia chini ya kidole kikubwa cha kulia na kunifanyia lengelenge. Nilikaa, nikaitoa. Ni kitu kidogo kuliko punje ya mahindi, na mtoto wa mkulima wa pamba nilitakiwa kuijua. Nilipovaa tena na kuinuka, kila hatua ya kulia ilichoma.

Kutoka hapo safari ilihamia kichwani. Mguu ulisema kaa, na kichwa kikaanza kuuletea sababu: msichana wa mjini ana raba zinazomtosha, baba hana furaha na mbio hizi, hakuna atakayekucheka ukirudi kwa shangazi. Zilikuwa sababu nzuri, hakuna ya uongo hata moja. Sikubishana nazo. Nilitazama ua wa mji uliokuwa mbele na kujiambia kwamba pale wananingoja kwa sababu mjomba amewaambia nitapita. Nikifika, nilitazama mwingine. Sikuwa tena na Malampaka akilini. Nilikuwa na mji mmoja tu, kisha mji mmoja.

Karibu saa tano nilipinda kona na kumwona mjomba Masanja. Alikuwa amekaa chini kando ya baiskeli iliyogeuzwa juu chini, mikono myeusi kwa grisi.

"Mnyororo umekatika," alisema. Aliniona napunguza mwendo. "Usisimame! Pita!"

"Na mbele, mjomba?"

"Mbele sijafika. Kuanzia hapa hakuna anayekujua."

Nilimpita. Nilikimbia na masikio yangu nyuma, nikiusikilizia mwano.

Mtu wa kwanza wa upande ule alikuwa bibi aliyekuwa akichuma pamba karibu kabisa na njia, kitambaa cha kuwekea pamba kimefungwa kiunoni. Alinyanyuka akanikazia macho. Nilifikiria sharti la baba, nikafikiria treni. Nikapiga magoti.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu, yaani mama.

"Mwangaluka. Nani amekufa?"

"Hakuna, mayu."

"Nani anakufukuza?"

"Hakuna."

"Sasa unakimbia nini, mwanangu, jua hili?"

"Nawahi treni."

"Unasafiri?"

"Hapana. Naiwahi tu, halafu narudi nyumbani."

Alinitazama sana. "Nyumbani kwenu wanajua kwamba uko hivi?"

Nilimweleza yote, mwalimu, orodha, baba, mjomba na mnyororo wake. Sijawahi kumwambia mgeni maneno mengi kiasi hicho. Nilipotaka kuinuka, misuli ya mguu wa kulia ilikaza yote kwa pamoja, ikawa ngumu kama jiwe. Nilianguka ubavu na machozi yakanitoka.

Bibi hakupoteza muda. Aliushika mguu, akaubana kwapani, akausukuma wayo wangu kuelekea gotini kwa nguvu ambayo sikuitarajia. "Hata dume la jembe hukamatwa na misuli hivi," alisema. "Tulia. Hujafa." Alinipa maji ya kibuyu na kunisimamisha. Kisha akapanda juu ya kichuguu, akaweka mikono mdomoni na kupaza sauti ileile ya mwano ninayoiogopa, ila maneno yalikuwa mengine.

"Ng'wana Sitta, yooo! Binti anapita! Hakuna msiba! Anawasalimu! Anawahi treni, msimzuie!"

Halafu, ng'ambo ya mashamba, sauti ya mwanamke ikayachukua maneno hayo na kuyarusha mbele. Baada yake ya mwanamume, mbali zaidi. Ile njia ya sauti iliyowahi kuniletea fimbo na pinde sasa ilikuwa inapeleka salamu zangu, na zilikwenda kasi kuliko miguu yangu.

"Nenda," bibi alisema. "Usipoifikia utaniaibisha mimi."

Mwendo wa kutoka hapo siwezi kuusimulia sawasawa. Nakumbuka watu wamesimama mbele ya miji yao, mmoja akinimwagia maji kichwani, watoto wakikimbia nami hadi mwisho wa shamba la kwao. Nakumbuka mguu wa kulia sikuusikia tena kama wangu.

Malampaka ilianza kuonekana: mapaa ya bati na paa refu la ghala. Wakati huohuo nikasikia honi ya treni ikija. Na hapo, kwenye kijito cha mwisho, mzee alikuwa akinywesha ng'ombe. Alikuwa bondeni, upepo ukimtoka mgongoni, na bila shaka sauti hazikumfikia. Aliniona, akanyoosha mgongo, akainua mkono kidogo kama mkubwa anavyofanya akisubiri kusalimiwa.

Nilijua nikipiga magoti sitainuka. Nilisema "Mwangaluka, baba" kwa pumzi iliyobaki, sidhani kama aliisikia, na nikapita. Nilipogeuka, mkono wake ulikuwa bado juu.

Saa saba na robo niliingia stesheni. Treni ilikuwa imesimama, watu wakipandisha magunia. Mwalimu Shija alikuwa mlangoni mwa behewa, mguu mmoja ndani. Alitoa orodha, akaiweka juu ya paja, akaandika jina langu polepole huku akiniangalia miguu.

"Utapumzika siku nne," alisema. "Kisha usafishe pamba vizuri. Wiki tatu kutoka leo, treni hiihii, uwe hapa na mzazi wako wa kukuruhusu."

Treni ikaondoka naye. Nilikaa kwenye jukwaa, nikavua raba, nikala matobolwa yaliyobaki. Mjomba alifika saa tisa akisukuma baiskeli, akaanza kuwasimulia wapagazi jinsi tulivyokimbia.

Jumapili asubuhi tulianza kurudi, naye akaniacha nifanye niliyoyaahidi. Nilipiga magoti kila mji. Miguu ilikuwa imekaza, na kushuka kuliniuma kuliko hatua yoyote ya siku iliyopita. Bibi wa pamba alikataa magoti yangu. "Mimi ulishanisalimu," alisema. "Nenda kawasalimu walioita." Nilikwenda kwa ng'wana Sitta, na kwa wote. Safari ya saa sita kasoro ilinichukua siku tatu hadi Shishiyu.

Kijitoni, mwanzoni mwa safari hiyo, nilikuwa nimesubiri tangu asubuhi hadi jua la saa nne. Ng'ombe wengine walikuja na wenyewe wakaja. Yule mzee hakuja, na hakuna aliyejua ni nani.

Nilichojifunza ni kwamba mwili unaweza kufundishwa na mtu peke yake, shambani, kimyakimya. Ile sehemu ya pili ya mbio, mwili unapokwisha, sikuikimbia peke yangu. Nilibebwa na watu waliojua kwamba napita. Hilo sikulijua nilipokuwa nikiinamisha kichwa.

Siku ya sita ya kurudi tulifika Sapiwi. Baba alikuwa akirekebisha zizi. Habari zilishamfikia kwa dereva wa lori la pamba, kwamba binti yake anasalimiwa hadi Malampaka. Alikuwa karibu kutabasamu. Ningeweza kuliacha hivyo.

"Baba," nilisema, "kuna mmoja nilimpita."

Akaacha kazi. Nilimweleza kijito, honi na mkono. Aliuliza, "Ng'ombe wangapi?"

"Saba. Mmoja jike la rangi ya majivu, pembe moja imevunjika."

"Na ulirudi ukamtafuta?"

"Nilimsubiri. Hakuja."

Baba aliokota nguzo yake, akaipima shimoni, akaitoa tena.

"Siku ya treni hiyo ya pili," alisema, "tuondoke siku moja mapema. Nataka kumwona mwenye jike la pembe moja, nimsalimu mwenyewe kabla hujaondoka."