Karatasi ya Marehemu kwenye Mforsadi

Nevena ni mwoga. Sisemi hivi kwa kumsengenya, maana yeye mwenyewe atakwambia kabla hujauliza. Anaogopa radi, anaogopa mbwa hata akiwa amefungwa, anaogopa lifti, anaogopa simu inayolia watu wakiwa mezani. Akivuka kidaraja cha mbao pale bustanini hushika ukingo kwa mikono yote miwili, na maji ya chini yake hayafiki gotini. Watu wa mji wetu wa Vidin humcheka. Hata hivyo kila kiangazi ndiye anayekabidhiwa vijana wa bustani, na wazazi huwaacha watoto wao kwake bila wasiwasi, kwa sababu mtu wa namna hiyo huona hatari ikiwa bado iko mbali.

Tulianza kazi hiyo pamoja, mimi na yeye, tukiwa bado wanafunzi. Chama cha hisani kinachotunza bustani ya kando ya mto Danube huajiri vijana shule zikifungwa, wapalilie, wapake mabenchi rangi, wamwagilie mawaridi na kuokota vizibo vya bia. Tulivalishwa vizibao vya rangi ya chungwa vilivyotufanya tuonekane kama karoti. Msimamizi wetu alikuwa Bwana Hristofor, aliyezungumza na miti kwa upole na sisi kwa ukali. Nilimchukia kwa wiki moja hivi, kisha nikamzoea.

Nevena aliishi na bibi yake, Bibi Tsveta, kwenye ghorofa moja karibu na soko. Mama yake alikuwa Hispania akiwauguza wazee wa watu wengine, na baba yake hakuwa mtu wa kumtegemea kwa lolote. Bibi ndiye aliyekuwa ukoo wake wote. Kila tulipokunywa maji kivulini Nevena alimpigia simu kumuuliza kama amekunywa dawa, na Bibi Tsveta alimjibu kwa sauti tuliyoisikia sote kwamba amekunywa, na kwamba anaomba aachwe afe kwa amani bila kupigiwa simu. Tulicheka. Nevena hakucheka hata siku moja.

Agosti hiyo Bwana Hristofor alitupa kazi ya kung'oa misumari kwenye miti. Alisema kila msumari ni kidonda. Miti yetu ilijaa matangazo: kuni zinauzwa, paka amepotea, Jumamosi kuna muziki hotelini. Jambo moja tu hakuhitaji kutufundisha. Kwetu mtu akifa, picha yake na jina lake huchapwa kwenye karatasi, zikabandikwa mlangoni kwake, kituo cha basi, na kwenye mti aliozoea kupita. Zikitimia siku arobaini hubandikwa nyingine, kisha miezi sita, kisha mwaka, na wapo wanaoendelea mpaka wabandikaji nao wafe. Hakuna mtu anayezibandua. Jua na mvua ndivyo vyenye ruhusa. Hata Bwana Hristofor, aliyeuchukia msumari kama wengine wanavyouchukia ushuru, alisema marehemu waachwe walipo.

Kwenye lango la bustani upo mforsadi mkubwa, na shina lake lilikuwa limevaa karatasi juu ya karatasi. Nevena ndiye aliyepewa mti huo. Alishika msumari kwa koleo, akavuta, haukutoka, akavuta tena kwa uzito wake wote, na karatasi zikachomoka fungu zima na kuchanika mkononi mwake. Ya juu ilikuwa tangazo la kuni. Chini yake, mtu asiye na haya alikuwa ameifunika karatasi ya marehemu. Mzee mmoja wa masharubu alikuwa akitutazama, na mchaniko ulikuwa umepita sawasawa shingoni pake. Spiro Vulkov, miezi sita tangu atutoke.

Nilitaka kusema utani. Nina mdomo mwepesi, na siku hiyo nashukuru sikuwahi kuufungua. Kwenye benchi la karibu alikuwepo mama mmoja mwenye kikapu cha nyanya, mtu tusiyemjua. Alifanya ishara ya msalaba, akatema chini mara tatu, akasimama.

"Umemng'oa mtu, binti," akamwambia Nevena. "Sasa nafasi yake iko wazi."

Akaondoka na kikapu chake. Nevena alibaki na vipande viwili mkononi, rangi imemtoka usoni. Nilimwambia yule mama jua limempiga kichwani. Aliikunja karatasi, akaitia ndani ya kizibao.

Nilimsindikiza nyumbani. Tukiwa bado kwenye ngazi tulisikia harufu ya pilipili hoho zinazochomwa, na hilo halikuwa la ajabu, maana Agosti Vidin nzima huchoma pilipili za kuweka kwenye chupa kwa ajili ya baridi. Ila hizi zilikuwa zinaungua. Nevena alianza kukimbia. Tulimkuta Bibi Tsveta amelala sakafuni pale barazani, mkono mmoja kifuani, pilipili zikitoa moshi mweusi kwenye jiko kando yake. Alikuwa hai. Alituambia kwa sauti ndogo tuzimenye kabla hazijapoa, la sivyo maganda yatashika.

Hospitali walisema ni moyo. Mshipa umeziba, kesho asubuhi atapasuliwa, na kwa umri wake hawawezi kuahidi kitu. Mama wa Nevena alilia kwenye simu na kusema atatafuta ndege. Nevena alikaa koridoni, akavitoa vile vipande viwili na kuviweka mapajani.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe umefanya nini? Mishipa inaziba kwa miaka, Nevena."

"Umemsikia yule mama. Nafasi iko wazi."

Nilimwambia aache ujinga. Nilimwambia tuibandike kwa gundi tuirudishe, yaishe. Alinitazama kama mtu anayemtazama mlevi. Karatasi iliyoungwa shingo hairudishwi mtini, akasema, inatakiwa nyingine, na lazima wenyewe waitoe kwa hiari, na iwe mtini kabla bibi hajaingizwa chumba cha upasuaji. Sheria hizo sijui alizitoa wapi. Mimi siamini mambo hayo. Lakini nakiri niligonga mbao ya kiti, kama watu wa kwetu wafanyavyo kufukuza balaa, na nikagonga tena alipokuwa haoni.

Chini ya karatasi iliandikwa imetolewa na mke wake, Raina. Vidin si London. Muuza mikate wa kwanza tuliyemuuliza alitwambia jengo, mlango na ghorofa, na akaongeza kwamba mjane huyo hana mtoto na hadaiwi na mtu.

Mlangoni mwa jengo alilala mbwa mkubwa wa manjano, hana hata kamba. Nevena alimruka. Ghorofa ilikuwa ya saba, na lifti ni kile kisanduku cha zamani kinachotetemeka, mlango wake unaufunga mwenyewe kwa mkono. Nilielekea kwenye ngazi kwa mazoea, maana kwa ajili yake nimepanda ngazi nyingi maishani. Nilipogeuka, Nevena alikuwa ameshaingia kwenye lifti, amefumba macho. Hapo ndipo nilipoogopa na mimi. Nilimjua Nevena mwenye hofu ndogo ndogo, na sikuwahi kuona hofu moja ikizimeza nyingine zote.

Mlangoni kwa mjane, Bwana Spiro alitutazama tena kutoka kwenye karatasi nyingine, hii haijachanika, na utepe mweusi pembeni yake. Mama Raina alifungua akiwa na aproni, mwembamba, vidole vyeupe kwa sukari ya unga. Alisema kama ni mchango hana. Nevena alimnyooshea vile vipande viwili. Mjane alivipokea, akaviunganisha kwenye kiganja chake, akavitazama mpaka nikatamani ardhi inimeze.

"Nani kamchana?"

"Mimi, mama. Sikukusudia. Bibi yangu yuko hospitali, kesho wanampasua." Akapiga hatua moja mbele. "Kama utalaani, nakuomba unilaani mimi. Yeye muache."

Mama Raina akaniangalia mimi.

"Na wewe mwenye nywele fupi, ingia ndani ufunge mlango. Huo upepo unaopita huku na huku utaniua kabla ya kutimia mwaka wa Spiro."

Mezani palikuwa na sinia la ngano iliyochemshwa ikachanganywa na sukari, ile tunayoigawa kwa majirani kumkumbuka marehemu. Aliipakua kwenye vikombe viwili. Mimi nilikula, nilikuwa na njaa. Nevena alishika kikombe bila kukionja. Kula ngano ya wafu huku bibi yake akisubiri kisu, kwake ilikuwa sawa na kutia sahihi kwamba bibi afe.

"Kula," mjane akamwambia. "Ni ngano na sukari tu. Spiro alipenda sukari kuliko alivyonipenda mimi. Kula, useme Mungu amrehemu."

Nevena alikula. Machozi yalimdondokea kikombeni, akaendelea kula mpaka punje ya mwisho, akasema Mungu amrehemu. Mama Raina akatueleza kwamba lile tangazo la kuni alikuwa ameliona. Asubuhi alikwenda mtini akamkuta mumewe amefunikwa uso, akajaribu kulitoa, mkono haukupanda. Ulikuwa haupandi tena juu ya bega tangu majira ya baridi; hata karatasi yenyewe alibandikiwa na mpita njia. Alirudi nyumbani akikasirika njia nzima, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

"Unajua mimi naogopa nini?" akamuuliza Nevena. "Kufa siogopi. Naogopa kwamba hakuna wa kunibandika. Watu watadhani nimehama."

"Nitakubandika mimi."

"Usiseme kwa ajili ya bibi yako."

"Nasema kwa ajili yako. Lakini sitaki ufe."

Mjane alicheka kidogo, nadhani kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alifungua kabati, akatoa karatasi ya mwisho aliyokuwa amebaki nayo. Nevena alimweleza habari za misumari na vidonda vya miti. Mama Raina akatafuta jikoni ile kamba anayofungia soseji, akamkabidhi. Tulirudi bustanini jua likiwa bado liko juu ya mto, na Nevena akaifunga karatasi kwenye mforsadi kwa mafundo mengi kuliko yaliyohitajika. Alimwomba Bwana Spiro radhi kwa sauti. Watu walipita. Sikuona aibu.

Asubuhi ile ya upasuaji sitaki kuikumbuka sana. Nevena aliutazama mlango bila kupepesa. Mimi niligonga mbao ya benchi mpaka muuguzi akaja kuniuliza kama nina shida. Mwishowe daktari alitoka, akavua kofia yake, akasema mgonjwa ameamka na anauliza nani amemenya zile pilipili.

Hakuna aliyezimenya. Zilioza palepale barazani, na Bibi Tsveta alitusimanga kwa ajili hiyo miaka yote aliyoishi baadaye, nayo ilikuwa mingi. Mama Raina alikuja kula kwao kila Jumapili, na wale mabibi wawili waligombana kuhusu chumvi ya kabichi za kuchachusha kana kwamba walilelewa nyumba moja. Nevena alirudi kwenye chama kila kiangazi, na Bwana Hristofor alipostaafu akamwachia vijana. Siku ya kwanza huwaambia kwamba kabla ya kung'oa tangazo lolote wafunue waone aliye chini yake.

Bibi Tsveta alifariki majira ya baridi yaliyopita, usingizini. Nevena alichapisha karatasi, akaja nazo mtini, na kamba. Akasimama. Theluji ilimwangukia mabegani naye amesimama vilevile.

"Nikifunga, itakuwa kweli," akaniambia.

Ndipo Mama Raina alipofika na fimbo yake, amejifunga mitandio kichwa kizima. Aliichukua karatasi mkononi mwa Nevena, na kwa kuwa mkono wake haupandi, aliifunga chini, usawa wa kifua chake, fundo baada ya fundo. Ilichukua muda mrefu. Hatukumsaidia.

"Hapa panatosha," akasema. "Watoto nao wasome. Na mimi usije ukaniweka juu."

Sasa ni kiangazi tena. Kila asubuhi vijana hujipanga mbele ya banda la vifaa, wamevaa vizibao vyao vya karoti, na Nevena, yule yule anayeogopa simu, hutoa simu yake na kumpigia Mama Raina. Hagawi hata reki moja mpaka apokee. Mama Raina hupokea na kusema yupo, wape watoto majembe, na kazi inaanza.

Juzi simu ililia mpaka ikakatika. Watoto, ambao hawatulii hata kanisani, waliacha kusukumana wakaisogelea simu. Nevena akapiga tena, ikalia, ikakatika. Niliona mkono wake unatafuta mbao ya kugonga na hauipati, nikamsogezea mpini wa jembe. Akapiga mara ya tatu.

"Niko barazani nachoma pilipili," Mama Raina akasema kwa ukali, na sote tulimsikia. "Njooni jioni mmenye."

Nevena alikata simu, akakaa chini kwenye nyasi. Alikaa hapo ameushika ule mpini, kisha akasimama na kuanza kugawa vifaa.