Pikipiki Isiyotoa Moshi

Dobi wa mtaa wa chini alikuwa na dharau ya kuwatosha watu watatu, na iliyo kubwa kuliko zote alimwekea kaka yake. Watu wengine aliwadharau kwa kupita tu: seremala kwa vumbi lake, mwalimu kwa kola iliyokunjamana, jirani kwa kubana mashati kambani kwenye mikono badala ya pindo. Kaka yake alimdharau kwa utulivu na kwa bidii, kama mtu anayefanya kazi aliyoisomea.

Kaka huyo alikuwa fundi wa pikipiki, na mtaa mzima ulimwita Grisi. Miaka yote alitembea na weusi chini ya kucha, akishika kikombe kikabaki na alama, akiegemea ukuta ukabaki na bega lake. Kisha akapooza upande mmoja. Gereji ikafungwa, naye akawa mtu wa kukaa kwenye kiti barazani kwake, kule juu mlimani, akitazama barabara. Nyuma ya nyumba yake ilibaki pikipiki ya marehemu baba yao, ile ndogo ya kizamani yenye injini ndogo inayoweza kuenea kwenye kikapu. Kuku walikuwa wakitaga chini ya kiti cha pikipiki hiyo.

Mkewe Grisi alichoka kuizunguka kila anapoenda kuanika. Akapatana na mtu wa vyuma chakavu aje na mkokoteni wake Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Dobi aliposikia, alipanda mlima siku hiyohiyo, shati jeupe limenyooka utadhani lina mifupa, akasimama uani na kusema mbele ya watu kwamba pikipiki ya baba haikuuliwa na uzee bali na uchafu wa mtu fulani.

Shemeji yake hakuwa mwanamke wa kubembeleza. "Basi ichukue, shemeji," akasema. "Siku ya mkokoteni ukifika nayo hapa umeipanda, inanguruma, ni yako. Ikishindikana, inabebwa."

 Grisi, pale barazani, alitazama pembeni, na Dobi akaona huyu anaogopa kuaibika.

Tumpe Dobi haki yake hii, maana hakuna mtu atakayempa nyingine: aliitaka ile pikipiki kwa moyo wake wote. Baba yao alikuwa akimpakia mbele, juu ya tangi, wakizunguka mtaa jioni. Alipofariki, chombo kikaenda kwa kaka mkubwa bila mtu kuuliza, na tangu siku hiyo Dobi alikuwa na donge kooni ambalo hakuna chai iliyowahi kulishusha.

Basi akaisukuma hadi dukani kwake, akaiweka katikati ya meza ya pasi na kamba za nguo, akaanza. Fedha hakuwa nayo, na hata angekuwa nayo asingeitoa, maana mkono wake ulikuwa wa birika. Alipata ringi za pistoni kwa fundi mmoja wa mjini kwa ahadi ya kumfulia na kumpigia pasi bure, kisha akazifua nguo za yule mtu kwa uso wa anayeosha maiti. Kiti alikishona upya kwa koti la mteja aliyehama bila kulichukua. Tangi lililokuwa limeliwa na kutu alilijaza kokoto, siki na sabuni ya unga, akalitikisa mpaka mabega yakagoma. Kabureta aliichemsha kwenye sufuria ya kupikia wanga wa nguo, mkewe akalalamika, akamjibu kwamba sufuria ndiyo iliyopata heshima.

Na lazima ikubaliwe, kazi ilikuwa safi. Spoki zilimetameta. Kila nati ilipigwa mswaki. Watu walisimama mlangoni wakisahau nguo walizofuata, naye akawaeleza, bila kuulizwa, kwamba mafundi wa pikipiki wamejificha nyuma ya grisi miaka yote ili watu wasione kwamba kazi yenyewe ni nyepesi.

Alipokwenda kununua plagi, mama wa duka la vipuri alimkumbusha kitu. Injini hizi za kizamani, akasema, hunyweshwa oili pamoja na petroli. Unachanganya kidogo ndani ya tangi, la sivyo pistoni inasaga kavu. Dobi akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Oili alishaiweka kule chini, kwenye gia, oili mpya kabisa. Ya nini tena kuimwaga kwenye tangi alilolisafisha kwa jasho? Akaona mama anataka kuuza chupa, basi.

Ila kilichomkaza shingo zaidi kilitoka mlimani. Shemeji yake alipita dukani na ujumbe kutoka kwa Grisi: asisahau oili kwenye petroli. Dobi aliacha pasi, akacheka mpaka akaketi. Pikipiki ya baba, mikononi mwa Grisi, siku zote ilitoa moshi wa buluu. Ilipita mtaani ikawafanya wenye nguo kambani kutukana, na mwenye kamba nyingi kuliko wote alikuwa yeye. Sasa kaka anataka itoe moshi tena, ili watu waseme haijabadilika kitu.

"Kamwambie," alisema, "moshi ni dalili ya injini chafu. Yangu haitatoa moshi."

Shemeji akamtazama kidogo, akaenda zake.

Jumamosi ikafika. Dobi alivaa shati jeupe kuliko yote aliyonayo, akatia petroli tupu, safi kama maji, akapiga kiki. Mara ya tatu ikawaka. Na ni kweli haikutoa moshi. Ililia kwa sauti nyembamba, nadhifu, na mtaa mzima ukatoka nje. Muuza mkaa alipiga makofi. Dobi hakumwangalia mtu. Alipanda, akanyoosha mgongo na kuondoka polepole ili wote wapate kuona vizuri. Machozi yalimlenga, na hakuona haya nayo, kwa kuwa alikuwa peke yake juu ya pikipiki ya baba yake.

Alipoanza kupanda mlima, sauti ilibadilika. Ikawa kali, kama chuma kinacholalamika. Dobi akaongeza moto. Nyumba ya kaka yake ilikuwa imeshaonekana, na mkokoteni umeegeshwa mbele yake, pale injini ilipojikaza ikazima. Gurudumu la nyuma liligoma ghafla, pikipiki ikateleza, naye akaenda chini kwa kiwiko.

Alipiga kiki, haikushuka hata kidogo. Ikabidi abane klachi na kuisukuma, akihema, njia iliyobaki yote.

Alifika akiwa ameshajiandaa kwa kicheko. Majibu alikuwa nayo: petroli ilikuwa mbovu, ringi za yule fundi zilikuwa takataka. Lakini Grisi hakucheka. Alikuwa amenyolewa ndevu, amevaa nguo za kutokea, na kiti chake kimesogezwa hadi ukingoni mwa baraza.

"Tumeisikia tangu ulipotoka kule chini," shemeji akasema. "Alitaka nimsimamishe ili akuone unavyofika."

Grisi aliinusa hewa ya chuma kilichoungua, akajua petroli haikutiwa oili. Alimtazama mdogo wake usoni, muda mrefu, kama anayesubiri kitu. Dobi akaangalia kiwiko chake kilichochubuka. Matusi angeyamudu, ule utulivu ulimshinda. Mtu wa vyuma akauliza kama abebe. Hakuna aliyemzuia, naye alikuwa na kazi nyingine, akabeba. Ilikuwa nzito upande wa nyuma, hivyo Dobi akamsaidia kuipandisha.

Mkokoteni ulipokuwa umeshaanza kushuka, Grisi akafungua kinywa. Maneno yalimtoka kwa shida, upande mmoja.

"Pistoni tu hiyo. Inatengenezeka. Ningekuelekeza, wewe ukafunga." Akapumzika. "Nilikuwa nasubiri useme tu, 'Kaka, nisaidie.' Ningemrudisha yule wa mkokoteni. Hata sasa hajafika mbali."

Kweli hakuwa mbali. Mtelemko ulikuwa mkali, na mwenye mkokoteni alikuwa akiuzuia kwa visigino, hatua kwa hatua. Rimu zilikuwa ziking'aa juani. Sauti ya kawaida ingemfikia.

Dobi alikung'uta vumbi kwenye suruali. Akasema ana nguo za wateja zinamsubiri, akaaga, akashuka kwa njia ya nyuma.