Wilaya Anayotoka Mchumba

Mturuki alipomposa mpwa wangu, dada yangu hakukasirika wala hakufurahi. Aliniita kwake Jeppestown, akanimiminia chai, akasema, "Wewe ndiye mjomba. Kaulizie kwao."

Kwetu Tanga jambo hilo lina njia yake. Posa ikija, familia ya binti haijibu siku hiyo. Hutumwa mtu mtaani kwa kijana, akakae na majirani zake na kuuliza kwa kuzunguka: ni watu wa namna gani, wanaishije na wake zao, mama yupo, nani anamtunza. Lakini huyu alitoka wilaya moja ya milimani, mashariki ya Uturuki, na hapa Johannesburg hatukupata mtu mwingine wa huko. Niliwauliza Waturuki wawili msikitini. Wote walikuwa watu wa miji ya pwani. Mmoja alipolisikia jina la wilaya alicheka, akasema hajafika huko na hamjui aliyefika.

Dada yangu alipopata habari hiyo aliweka kikombe chini. "Basi simwozi mwanangu kwa mtu asiye na kwao."

Ikawa sina jirani wa kumuuliza isipokuwa mchumba mwenyewe. Nilimfuata kazini Malvern, kwenye duka la mikate la barabara ya Jules, hatua chache kutoka kwenye robot, kama watu wa hapa wanavyoziita taa za barabarani. Ni kijana mrefu, mpole, mwenye nyusi zilizokutana. Tunaongea Kiingereza, chake kibovu na changu kilichochoka, ila neno "mjomba" analijua. Mpwa wangu amemfundisha.

"Mjomba, nimekosa nini?"

"Hujakosa. Nataka kujua kwenu."

"Ni mbali. Utachoka."

"Nitachokea hapa hapa. Nipe kiti."

Alitandaza unga juu ya meza ya kukandia, akaanza kuchora kwa kidole. Mto ulipita katikati. Mji wa wilaya ulikuwa kando ya mto: ofisi ya mkuu wa wilaya, soko la mara moja kwa wiki, hospitali ndogo, kituo cha mabasi. Chini bondeni kulikuwa na mashamba ya ngano na miti ya tufaha. Halafu barabara ikapanda kwa kujipinda, na vijiji vikawa vimeshikilia ubavu wa mlima, kila kimoja juu ya kingine. Juu kabisa hakuna nyumba, ni malisho tu, ambako watu hupeleka kondoo majira ya joto.

"Kijijini kwenu mko watu wangapi?"

"Unauliza wakati gani?"

Niliona ananikwepa, nikamwambia hivyo. Akatikisa kichwa. Wakati wa joto, alisema, magari huja kutoka Istanbul na mengine kutoka Ujerumani, harusi zinafanyika kila juma, na mtu anakosa pa kuegesha. Hata aliyezaliwa Istanbul akiulizwa kwao atataja kijiji. Theluji ikikaribia wote hushuka. Shule ilifungwa zamani. Watoto wachache waliobaki hupelekwa mjini kwa basi dogo, na siku basi likishindwa kupanda, hakuna masomo. Ukisimama ng'ambo ya bonde wakati wa baridi utahesabu nyumba zenye moshi, basi. Nyingine zote zimefungwa kufuli.

Hilo la moshi lilinivuta. Nikamwambia anionyeshe nyumba hizo, moja baada ya nyingine, na anitajie waliomo. Akawa anadonoa unga kwa kidole.

"Hapa mzee na mkewe, na mtoto wao wa mwisho. Hapa mjane na mwanawe wa mwisho, na mke wa huyo mwana. Hapa ndugu wawili wazee. Hapa tena wazazi, na kitinda mimba wao na watoto wake."

"Mbona karibu kila mahali kabaki mdogo?"

"Wakubwa huondoka. Wa mwisho hukaa na wazazi, na nyumba huwa yake. Ndivyo tulivyo."

"Na nyumba hii uliyoiruka?"

"Kwetu."

"Nani yumo?"

"Mama. Peke yake."

"Na wewe ni wa ngapi kuzaliwa?"

Alichukua donge la unga uliokandwa akaligeuza mikononi bila kulifanya chochote. "Wa mwisho, mjomba."

Nilirudi kwa dada yangu, nikatoa taarifa yangu kwa utaratibu: nchi, maji, hewa, watu. Dada yangu alinikatiza. "Theluji nimeisikia. Endelea." Nilipofika kwa kitinda mimba alikunja kanga mapajani.

"Kwa hiyo yule mama anamsubiri mwanawe arudi. Na akirudi, harudi peke yake."

Mpwa wangu alitoka jikoni. Amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia kuliko anavyokisema. "Eish, Mama. Mimi najua. Aliniambia tangu mwanzo."

"Ukanificha?"

"Hukuniuliza. Ulimtuma mjomba."

Nilitazama sakafu. Dada yangu alimkodolea macho mtoto wake, kisha akasema, "Mwite. Aje ampigie mama yake hapa, nimwone."

Ulikuwa mwezi wa Desemba. Sisi tulikuwa tunajipepea kwa vifuniko vya vyombo, na kwenye simu ya kijana alitokea mama yake, amevaa masweta mawili, na nyuma yake dirisha jeupe tupu. Dada yangu aliinama karibu na kioo cha simu.

"Huko ni baridi namna hiyo sasa hivi?"

"Sasa hivi, mama," kijana alijibu.

"Na sisi tukivaa makoti hapa, mwezi wa sita, wa saba?"

"Kule jua. Watu wote wamerudi."

Feni ilizunguka. Kisha dada yangu alizungumza Kiingereza polepole, ili kijana asipoteze neno.

"Mwambie mama yako hivi. Theluji ikianza, aje hapa kwa mwanawe. Jua likitoka, mwanangu ataenda kwake, wakae wote. Lakini baridi ile mwanangu haendi kuikaa. Huyu ni wangu wa pekee."

Kijana alitafsiri. Mwanamke wa kwenye simu alisikiliza huku akitazama pembeni, akajibu kwa neno moja tu na swali.

"Anasema sawa. Ila ng'ombe nani atamkamua?"

"Ng'ombe wangapi?"

"Mmoja."

"Majirani hawapo?"

"Wapo. Anasema jirani ana mikono ya haraka, ng'ombe hampendi."

Dada yangu alicheka, mara ya kwanza tangu posa ije. "Mwambie anionyeshe huyo ng'ombe."

Mwanamke alivaa viatu vya mpira. Simu ikayumba: mlango, weupe, ukuta wa mawe, pumzi yake ikisikika. Kisha giza la zizi, na jicho kubwa la hudhurungi likitutazama. Mkono wa mwanamke ulipita shingoni mwa mnyama, na mnyama akauinamia. Majani yalikuwa makavu na safi, yamepangwa hadi juu.

Dada yangu alitazama kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama sura ya mtu yeyote siku ile.

"Kanona. Anayemtunza mnyama hivi atamtunza na mwanangu," alisema, kisha akanigeukia. "Mjomba, waambie tumekubali. Na siku ya nikahi sharti langu ulitaje kwa sauti, shehe alisikie."