Mume wangu alitoa guard ya table saw kwa sababu mashine imeombewa

Wakuu, hamjambo. Haya nimeyaona kwa macho yangu hapa Munyaka, na mume wangu akisoma atajua ni yeye. Sawa tu.

Mume wangu, Baba Nekesa, ndiye mpiga keyboard wa kanisa letu. Juzi alinunua table saw, ule msumeno wa umeme wa mezani, anitengenezee kabati za jikoni.

Kitu cha kwanza akafungua guard, kile kifuniko cha blade. Eti inamzuia kuona mstari.

Cha pili akamwita pastor aiombee mashine. Kwetu hata friji haiwashwi kabla ya maombi.

Pastor akaja, akala kuku, akapaka switch mafuta. Baba Nekesa akachangamka: "Sasa guard ni ya nini, na Mungu ameshaweka ulinzi?"

Nilisema amina jicho moja likiwa wazi. Guard ilikuwa imetupwa kwa banda la kuku. Nikaiokota, nikaificha kwa ndoo ya unga, mahali pekee nyumbani ambapo mkono wake haujawahi kufika.

Wiki hiyo hiyo blade ilirusha kipande cha mbao kikapita karibu na sikio lake, kikavunja dirisha la jikoni. Mimi nikabaki kuokota vioo sakafuni.

Yeye je? "Si umeona? Maombi yanafanya kazi!"

Wakuu, mtu kama huyu utamwambia nini? Nilishaanza kumwona akipiga keyboard kwa viwiko.

Jumamosi pastor akarudi na mbao za mimbari mpya. Baba Nekesa akawasha mashine. "Pastor, nishikie hapa mwisho nikate."

Pastor akaitazama blade ikizunguka uchi, akaweka mikono mfukoni.

"Guard iko wapi?"

"Lakini pastor, si uliiombea?"

"Nilipoiombea ilikuwa imezimwa, ndugu yangu."

Nilikimbia jikoni. Guard ikatoka nyeupe kwa unga. Mume wangu akazima, akachomoa waya kwa socket, akaifunga. Pastor hakutoa mikono mfukoni mpaka screw ya mwisho.

Kesho yake kanisani nikahesabu vidole vyote kumi vikicheza, nikalia. Watu wakadhani ni Roho.

Funzo langu: Mungu humsaidia anayejisaidia. Guard ikae mahali pake, na blade usiiguse kabla ya kuchomoa waya, hata kama umeokoka.

Haya, changieni. Wanaume mnaokuja kunipinga, wekeni kwanza picha ya mikono yote miwili.