Sebule Yenye Mtandao

Tangu jirani afunge busta ya kuvuta mtandao, sisi wapangaji wenzake tunapigia simu sebuleni kwake. Ni mkarimu kupita kiasi. Hupunguza sauti ya televisheni ili tusikie vizuri, yaani ili atusikie vizuri, kisha hutoa ushauri ambao hakuombwa: "Hapo hapo, usimlegezee." Antena huifuta kwa kitambaa cha miwani. Jana akapigiwa yeye, na mkewe aliyehama kwa hasira. Tukanyamaza kwa heshima, masikio wima. Akatutazama mmoja mmoja, akatoka na simu hadi uani, ambako mtandao haujawahi kufika. "Hallo? Mama watoto, rudia. Unarudi au hurudi?" Simu ikakatika. Akarudi ndani. "Mpigie humu humu, jirani," tukamsihi, tukisogeana kumpisha kwenye kochi.