Msumari Shavuni

Mafundi viatu wa Mchikichini tunaweka misumari mdomoni. Mkono mmoja umebana soli, wa pili una nyundo, kwa hiyo msumari unasubiri shavuni mpaka ulimi uusogeze mbele. Ukishazoea, husikii tena kwamba una chuma kinywani.

Hilo ndilo lililonikuta gerezani, nilikopangiwa karakana ya viatu. Kengele ililia, tukatoka, tukajipanga kupekuliwa. Askari akaniambia nipanue mdomo.

"He! Huyu anakula chuma!"

Mstari mzima ukacheka. Mimi niliutema msumari, nikijua linalofuata.

Nikueleze, maana wengi hawajui. Mfungwa akituhumiwa humo ndani, kosa kama hilo la kuficha chuma husikilizwa na mkuu wa gereza, ofisini kwake. Unasomewa shitaka, unaulizwa kama unakubali, unajieleza, na unaweza kuomba shahidi. Ukionekana una hatia, unaweza kukatwa msamaha, yaani zile siku ambazo mwenye tabia njema hupunguziwa kifungo. Siku zangu ndizo zingenirudisha Buguruni kabla ya Idi, kwa mama yangu aliyekuwa mgonjwa.

Jirani yangu wa mkeka, Mchaga aliyekuwa na duka la jumla Kariakoo, alinishauri kama mtu anayepatana bei.

"Kubali yaishe, mdogo wangu. Mkubwa habishiwi."

"Nikikubali kwamba niliuficha, Idi itanikuta humu, kaka."

"Haya, bisha. Na Idi ya mwakani utakuwepo, unipikie uji."

Nilicheka, lakini sikubadili nia.

Siku ya shauri nilichuchumaa mbele ya meza. Mkuu akaniuliza kama nakubali.

"Nakubali nilitoka nao, afande. Kuuficha, hapana."

"Mdomoni si mafichoni?"

"Kwa fundi viatu ndipo msumari unapokaa, afande. Naomba afande wa karakana aulizwe."

Askari wa karakana aliitwa. Angeweza kusema hajui, akajiokoa. Alikohoa, akasema, "Huyu kila siku anatoa misumari mdomoni kama mashine. Nimemkataza, hasikii. Na siku ile kengele ilipolia, sikumkagua."

Mkuu alimtazama yeye muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. Kisha akatoa uamuzi: onyo kwa uzembe, na karakana nisikanyage tena. Msamaha haukuguswa.

Nilipelekwa kusafisha vyoo. Nilivisugua mpaka siku ya kutoka, na Idi nilikula pilau nimekaa ukingoni mwa kitanda cha mama.

Siku hizi akina mama huniletea kandambili ambazo hazina hata ubovu. Wanakaa kwenye benchi, wanaguna, halafu linatoka: mtoto kashitakiwa huko ndani, afanyeje? Natema misumari kiganjani kwanza. Nawaambia wamwambie hivi wakienda kumwona: akubali alilolifanya, akatae kwa adabu asilolifanya, na aliyeona amtaje. Asichoke kulirudia.

Kisha namrudishia kila mmoja kandambili zake, nikiwa nimepiga msumari mmoja tu, ili asione kaja bure.