Msiro Mbele ya Mashine

Kach. Kamera ililia hivyo, kama mtu aliyevunja kijiti gizani. Ancha aliusikia mlio huo mwaka waliokimbia vita mjini Palma, yeye na mama yake, wamesimama kwenye foleni chini ya turubai la watu wa misaada. Wakapigwa picha, wakaambiwa wangoje mchele. Mchele haukufika, na picha hazikurudi. Tangu hapo, akitaja vitu alivyopoteza vitani, baada ya nyumba na mbuzi na cherehani, humalizia kwa kusema, "Na sura."

Waliporudi, mama alikaa kijijini Mute kwenye shamba la muhogo, na Ancha akapata kazi Palma ya kufua mashuka katika nyumba ya wageni, wanakolala watumishi wa serikali walioletwa kutoka kusini. Chumba cha kupigia pasi kilikuwa na redio dirishani. Siku moja redio ikasema mashine za siku hizi zinaandika barua zenyewe, na huko mijini makarani wanarudishwa majumbani.

"Tumekwisha," akasema Laila, mwenzake wa kufua.

"Barua ziandike," Ancha akajibu huku anakamua. "Mashine yenye akili kiasi hicho haitakubali kushika mashuka ya mgeni wetu senhor Estêvão."

Hazikupita siku nyingi, mashine ikaja. Haikuja kufua. Ilikuwa kioo cheusi kidogo, kikatundikwa getini. Ukisimama mbele yake ikakujua, inakuamkia kwa Kireno, kwa sauti ya kike, "Bom dia," na jina lako, na siku yako ya kazi inahesabiwa. Isipokujua, inawasha taa nyekundu, na wewe hukuja kazini, hata kama umesimama pale unatoka jasho. Umeme ukikatika inazimika, na watu wote wanangoja nje.

Siku ya kuandikishwa sura, Ancha alifika na msiro usoni. Wanawake wa pwani hii husugua kipande cha mti wa msiro juu ya jiwe lenye maji, wakajipaka uji wake mweupe usoni, ngozi iwe laini. Ancha aliusugua mpaka ukawa mzito, akajipaka kuanzia kwenye nywele hadi kidevuni. Hakuwa akitafuta ulaini. Alikuwa anajificha.

"Bi Ancha, unaolewa leo?" akauliza Nurdine, mlinzi wa geti.

"Nahamia kwako. Mkeo hajakuambia?"

Msimamizi, dona Palmira, alikuwa bado mgeni, katoka Beira juzijuzi. Aliona haya kumwambia mwanamke wa watu aoshe mila yake. Akampiga picha hivyo hivyo.

Basi ikawa kila asubuhi lazima Ancha ajipake msiro mzito, la sivyo taa nyekundu. Ilikuwa kazi juu ya kazi, lakini aliifanya kwa furaha ya mtu aliyemdanganya mwizi.

"Hainijui bado," alimwambia Nurdine. "Inamjua mtu mwingine."

Kisha mama yake akafariki. Habari ililetwa na pikipiki kutoka Mute alfajiri, na Ancha akapanda pikipiki hiyo hiyo bila kumuaga mtu. Asubuhi ile Laila alikuwa ametoka kucheza harusi ya mdogo wake, uso umejaa msiro. Aliposimama getini, kioo kikamwambia, "Bom dia, Ancha."

Laila akacheka, akapita. Alifua kutwa, naye akahesabiwa kuwa hakuja. Ancha aliyekuwa ameketi kwenye mkeka wa msiba akahesabiwa kuwa kazini.

Matanga yalipokwisha Ancha akarudi. Uso ulikuwa mtupu, kwa sababu msiro ni pambo, na mtu hajipambi kaburi la mama yake likiwa bado bichi. Taa nyekundu. Akajaribu tena. Nyekundu. Dona Palmira akatoka na simu mkononi. Kiswahili chake alikuwa amekiokota jikoni.

"Bi Ancha, Jumatatu ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa namzika mama, dona."

"Mashine inasema ulikuwa hapa."

"Basi iulize mchana nilikula nini."

Dona Palmira hakucheka. "Ulituma mtu aingie kwa jina lako. Kwa jambo hilo watu wanafukuzwa."

"Hakutuma mtu," Nurdine akaingilia. "Mwite Laila, dona."

Laila akaja, mikono ina povu, akaeleza. Dona Palmira akaitafuta picha ya Ancha kwenye simu, akaitazama. Macho mawili ndani ya weupe. Angeweza kuwa mwanamke yeyote wa kutoka hapa hadi kisiwani Rongui. Akapumua.

"Pole kwa mama," akasema. "Lakini ofisi kuu haitaki hadithi, inataka uso. Nikupige sasa hivi, bila kitu, au nilifute jina lako."

Ancha akamtazama Nurdine, Nurdine akatazama viatu vyake. Arobaini ya mama ilikuwa inakuja. Watu wa Mute wangesoma dua na kula, na wa kupika wali ule alikuwa yeye, mtoto pekee. Hakuwa na kazi nyingine ya kukimbilia.

Akachukua pembe ya kanga, akafuta macho yaliyovimba.

"Piga."

Kach.

Ulikuwa mlio ule ule. Dona Palmira akabonyeza hapa na pale, akamwonyesha kwa kidole asimame mbele ya kioo. Ancha akasimama.

"Bom dia, Ancha," kioo kikasema, kwa sauti ile ile kiliyomsalimia nayo Laila.

Taa ikawa ya kijani. Dona Palmira akarudi ofisini, Laila akarudi kwenye povu, Nurdine akafungua geti na kungoja. Ancha hakuingia. Alikisogelea kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu.

"Umeme ukikatika," akakiuliza, polepole sana, "mimi nakuwa wapi?"